Benchi la Urafiki: tathmini ya huduma ya mabibi kwa waliozidiwa na mawazo

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo: ndiyo, huduma hii, ambayo bibi aliyefunzwa huketi benchini na mtu aliyezidiwa na mawazo na kumsaidia kutafuta njia, inafaa kuanzishwa kwenye zahanati ya kata, mradi pawepo kivuli, mabibi wanne au watano wanaoheshimika mtaani, na mtu mmoja mwenye ujuzi wa afya ya akili wa kukaa nao kila wiki. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja tumeizuia kwa sababu benchi ndilo rahisi kuiga na ndilo linalopigwa picha, ilhali sehemu tunayoiona kuwa na nguvu zaidi huja baada ya benchi, kwenye duara la kina mama wanaofuma mifuko. Bajeti ikibana, duara hilo ni jepesi sana kukatwa.

Huduma ilizaliwa Mbare, mtaa wa soko na vyumba vya kupanga mjini Harare, Zimbabwe. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo iliendesha Operesheni Murambatsvina, ikabomoa vibanda vya biashara na nyumba zilizojengwa bila kibali. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 700,000 hivi walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Dkt. Dixon Chibanda, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, alipotaka kuanzisha huduma Mbare mwaka uliofuata, hakukuwa na chumba cha kumpa wala muuguzi wa kumwazima. Alichopata ni mabibi 14 waliokuwa tayari wakifanya kazi za afya mitaani, na uwanja wa nje. Kwa hiyo wanaolisifia benchi chini ya mti kama ubunifu wajue lilitokana na kukosa chumba.

Jina la mwanzo lilitaja afya ya akili, na watu wakalikwepa. Mabibi wenyewe ndio waliosema libadilishwe. Kwa Kishona likaitwa Chigaro Chekupanamazano, benchi la kupeana mawazo. Sisi wa Kiswahili tuna bahati hapo, maana neno letu lina ncha mbili: kupeana mawazo ni shauri, kuwa na mawazo ni mzigo. Kwa mzigo huo Washona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na hilo ndilo linalotumika benchini badala ya jina la hospitali. Huku kwetu neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, limekaa vizuri kwenye mabango ya wizara, lakini mama aliyekosa usingizi siku tisa hajioni ndani yake. Muulize kama mawazo yamemzidi, atakujibu kabla hujamaliza swali.

Anayefika hukutana kwanza na dodoso la maswali 14 liitwalo SSQ-14. Lilitungwa Harare miaka ya 1990 kutokana na namna watu wa huko wanavyoieleza dhiki yao kwa maneno yao. Maswali yanahusu wiki iliyopita tu, na jibu ni ndiyo au hapana. Kuna nyakati uliwaza sana? Ulikasirishwa na jambo dogo? Uliota ndoto mbaya? Tumbo liliuma? Ulishindwa kulala? Maisha yalikuwa magumu hadi ukalia, au ukatamani kulia? Kazi zako zilibaki nyuma? Ulishindwa kuamua la kufanya? Limo pia swali la kutaka kujiua. Katika utafiti mkubwa wa huduma hii, aliyejibu ndiyo mara 9 au zaidi alihesabiwa kuwa anahitaji msaada.

Swali la tumbo huonekana limepotea njia, kumbe ndilo linalowanasa wengi. Mtu wa kipato cha chini haendi zahanati kusema amekata tamaa. Huenda kusema tumbo, kichwa, mgongo, anapewa dawa ya maumivu, na baada ya wiki mbili amerudi na kadi ileile. Muuguzi wa mapokezi akifundishwa kumwona anayerudi mara tatu kwa maumivu yasiyo na chanzo, benchi halitakosa watu.

Dodoso lisomwe kwa sauti, asikabidhiwe mtu karatasi. Alama isitangazwe kama majibu ya malaria. Ni ya bibi na msimamizi wake, ya kulinganisha na alama ya baada ya wiki sita. Pia isichukuliwe tafsiri ya maneno ya Kishona ikapewa alama zilezile za mpaka, kwa kuwa kipimo kilikatwa kwa mwili wa watu wengine. Kwa Kiswahili ni salama zaidi kutumia PHQ-9, dodoso jingine la kupima sonona, ambayo imeshatumika Kenya na Tanzania: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, na mpaka wa kawaida ni 10.

Swali la kujiua liulizwe kwa sauti ileile ya swali la usingizi. Bibi akishusha sauti, au akitanguliza kusema jambo hilo ni dhambi, amekwisha kumpa mtu jibu la kutoa. Jibu likiwa ndiyo, yanafuata mengine papo hapo: umefikiria utafanyaje, hicho kitu unacho nyumbani, umepanga lini. Mtu huyo haachwi peke yake, hapewi tarehe ya wiki ijayo, na msimamizi anapigiwa simu kabla benchi halijapoa. Nchini Tanzania kuna ugumu wa ziada kwa kuwa sheria inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba. Popote sheria inapotisha, bibi aeleze mapema, kwa maneno mepesi, ni nani atakayejua na ni nani hatajua.

Sasa mazungumzo yenyewe. Kikao cha kwanza huchukua karibu saa nzima, vinavyofuata huwa vifupi zaidi, na kwa jumla ni hadi vikao sita. Sehemu ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Ni rahisi kuisimulia na ngumu kuitenda, kwa hiyo tuchukue mfano wa kutunga.

Mama anauza vitumbua. Anadaiwa kodi ya chumba miezi miwili. Alikopa kausha damu, mkopo wa riba kubwa, na mtu wa marejesho hufika kila siku saa kumi jioni. Mume ni saidia fundi, kazi za ujenzi zimekauka, naye amekuwa bubu ndani ya nyumba. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya mchango. Mama halali. Na wiki mbili sasa hajachoma kitumbua hata kimoja.

Anasema yote hayo kwa pumzi moja, na yote yana haraka sawa. Hapo ndipo umaskini unapofanana na ugonjwa: matatizo sita yanayopiga kelele kwa sauti moja humfanya mtu akae kitandani akiangalia bati, na jirani aseme ni mvivu. Bibi hajibu kitu. Anayahesabu kwa vidole, moja moja, akimrudishia mwenyewe maneno yake, kisha anauliza: “Mwanangu, katika haya, lipi tukilisogeza kidogo utapata pumzi?”

Mama anachagua. Akichagua bibi, kikao kimeharibika, hata kama bibi amechagua vizuri zaidi. Tuseme anachagua mkopo. Bibi hakubali neno “madeni”, kwa sababu madeni hayana mlango wa kuingilia. Anauliza hadi tatizo liwe na ukubwa unaoshikika: ni shilingi 6,000 za kila siku, kwa ofisi ile, zimebaki siku 19. Halafu njia. Mama azitaje mwenyewe zote, hata za kijinga: ajifiche saa kumi, akope pengine alipe hapa, auze redio, aombe alipe kwa wiki badala ya kwa siku, arudi kuchoma vitumbua. Kila njia inapimwa kwa maswali mawili, itakugharimu nini na kesho yake itakuwaje. Kukopa pengine kunaanguka kwenyewe mama anapokusikia kinywani mwake.

Mwisho unatoka mpango. Jumatano usiku ataloweka kilo moja ya mchele, si tatu kama zamani. Alhamisi alfajiri atachoma na kuuza mlangoni kwake tu, asiende stendi. Saa nane mchana ataongozana na wifi yake hadi ofisi ya mkopo kuomba malipo ya wiki. “Na wakikataa?” Hilo swali la bibi lisikosekane, kwani mpango usio na jibu la hapana hufia mlangoni pa ofisi. Wakikataa, mama ataomba apunguziwe kiwango cha siku na kuongezewa siku, na wifi awepo kama shahidi.

Tazama ile kilo ya mchele. Haitalipa mkopo, kilo moja ya vitumbua ni pesa ya mafuta, sukari na mboga ya siku. Lakini mchele uliolowekwa usiku haungoji. Saa kumi alfajiri lazima mtu aamke ausage, atie nazi, hamira na iliki, asubiri uumuke. Aliyekuwa hana cha kuamkia sasa anacho, na kinachacha asipoamka. Wataalamu wana majina marefu ya kitu hiki. Kwa maoni yetu nusu ya tiba iko hapo, na mpango wowote unaotoka benchini upimwe kwa kigezo hicho: una kitu kitakachoharibika mtu asipokigusa kesho?

Kikao cha pili huanza na mchele. Uliloweka? Ulichoma? Kama hakufanya, bibi hamlaumu wala hamtii moyo kwa maneno matupu; mpango ulikuwa mkubwa mno, basi unapunguzwa. Nusu kilo, au kuosha sufuria tu na kununua iliki. Hatua zinazofuata kufungua akili Washona huziita kusimudzira, kuinua, na kusimbisa, kuimarisha. Kazi ya vikao hivi ni hiyohiyo ikirudiwa kwa tatizo la pili na la tatu, hadi mama anaanza kuhesabu vidole peke yake.

Panapoharibika hasa ni kwenye ulimi wa bibi. Bibi zetu wamelelewa kutoa nasaha. Mtu akilia mbele yao, neno la kwanza ni “vumilia”, la pili ni kisa cha jirani aliyekuwa na hali mbaya zaidi, la tatu ni Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba. Yana nafasi yake, na hatudharau dua. Lakini kwenye benchi maneno hayo hufunga kile kilichokuja kufunguliwa. Mafunzo ya huko Harare hayafiki wiki mbili, na kwa tunavyoyatazama, sehemu kubwa ya siku hizo inapaswa kutumika kumzoesha bibi kunyamaza. Zoezi zuri: wawili wakae, mmoja aeleze tatizo kwa dakika tano, mwingine aruhusiwe kuuliza maswali tu. Anayetoa ushauri anasimama na kuanza upya. Mabibi hucheka sana siku ya kwanza, na siku ya tatu wanaanza kusikia.

Kosa jingine ni kukubali tatizo lisilo na mpini. “Umaskini”, “mume wangu”, “maisha”. Kosa la tatu ni mpango usio na saa. “Nitajaribu kuzungumza naye wiki hii” si mpango. “Ijumaa baada ya kula, watoto wakiwa kwa mama Asha” ni mpango. Na lipo kosa la wasimamizi: kuwahesabia mabibi idadi ya watu kwa siku. Bibi akitakiwa kufikisha watu kumi, ataacha kusikiliza afikishe watu kumi.

Je, inafanya kazi kweli? Ushahidi wake ni mzito kuliko wa huduma nyingi za aina hii. Utafiti uliochapishwa Desemba 2016 katika jarida la JAMA uligawa kwa bahati nasibu zahanati 24 za Harare zenye washiriki 573: nusu ya zahanati zilipata benchi, nusu zilipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Baada ya miezi 6, wastani wa alama za SSQ-14 ulikuwa 3.81 upande wa benchi na 8.90 upande wa pili. Kwa PHQ-9, waliokuwa na sonona walikuwa asilimia 13.7 dhidi ya asilimia 49.9. Zaidi ya asilimia 90 ya washiriki walifuatiliwa hadi mwisho, jambo lisilo dogo kwenye mitaa ambayo watu huhama kila kodi inapopanda. Zaidi ya asilimia 40 walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI.

Msomaji makini atauliza ni nani hakuwemo. Waliokusudia kujiua, waliokuwa na dalili za kuchanganyikiwa akili, wajawazito na waliotoka kujifungua karibuni waliachwa nje ya utafiti. Kwa hiyo takwimu hizo zisitumike kuahidi chochote kwa mama mwenye mtoto wa wiki tatu. Wanaume nao walikuwa wachache: asilimia 86.4 ya washiriki walikuwa wanawake. Mume wa muuza vitumbua, yule aliyekuwa bubu, benchi la namna hii halimpati. Saidia fundi haji zahanati saa nne asubuhi, saa hiyo anasubiri kazi kijiweni, na akija hataki kuonekana na majirani akiongea na bibi wa mtaa. Anayetaka wanaume apeleke benchi kijiweni, jioni, na amweke babu au fundi mstaafu.

Liko swali gumu zaidi, na waandaaji wa miradi hulikwepa. Kama shida ni pesa, kwa nini usitoe pesa? Utafiti mmoja wa vijijini Kenya, wa kina Johannes Haushofer, uliwalinganisha waliopewa fedha taslimu na waliopewa vikao vitano vya ushauri wa Shirika la Afya Duniani viitwavyo PM+, ambavyo ni ndugu wa karibu wa kazi ya benchi. Mwaka mmoja baadaye waliopewa fedha walikuwa na hali bora ya mfukoni na ya moyoni. Vikao havikuonyesha tofauti inayopimika. Ni matokeo yanayouma, na ni vema yakajulikana. Ila vikao vile walipewa watu wa kawaida kijijini bila kuchagua kwanza nani amezidiwa. Ukimpa miwani kila mtu wa mtaa, wengi hawataona tofauti.

Somo tunalolipata hapo ni la matumizi. Benchi ni la mtu aliyekwama, mwenye mawazo yaliyovuka kiasi, na dodoso lipo kwa ajili hiyo. Usiliruke ili kujaza orodha. Pia bibi awe na orodha ya kweli ya milango ya fedha iliyo karibu: mipango ya serikali ya kusaidia kaya maskini, TASAF kwa Tanzania au Inua Jamii kwa Kenya, kikoba kinachopokea wanachama wapya na siku ya kikao chake, msamaha wa matibabu, afisa ustawi wa jamii na siku anazopatikana ofisini. Orodha hiyo iandikwe kwa mkono, ihakikiwe kila mwezi. Kumpeleka mtu aliyekata tamaa kwenye ofisi iliyofungwa ni kumharibia zaidi.

Mbadala wa karibu ni vikundi vya Uganda. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi iliyofanywa vijijini Masaka na Rakai, vijiji 30, ambako watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5, kwenye vijiji vya ulinganisho, kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7. Shirika la StrongMinds limejenga huduma yake Uganda juu ya njia hiyohiyo. Vikundi hufaa zaidi pale ambapo shida ni msiba, ugomvi wa ndoa au upweke. Benchi hufaa pale ambapo matatizo yamejirundika na mtu hajui aanzie wapi. Kwa siri, benchi linashinda. Kwa gharama ya muda wa mhudumu, kikundi kinashinda kwa mbali.

Harare walichanganya vyote viwili, na hapo ndipo tunaposema wengi hawaangalii. Baada ya vikao, mtu hualikwa Circle Kubatana Tose, kushikana mikono pamoja. Ni duara la watu waliopita benchini. Wanakaa, wanazungumza, na mikono inafuma mifuko kwa plastiki zilizokwisha tumika. Kazi ya mikono hufanya mambo mawili yasiyofanywa na mazungumzo. Macho yakiwa kwenye uzi, ulimi husema yasiyosemeka uso kwa uso. Na mfuko ukiisha unauzwa, hata kama ni pesa ya unga tu. Zaidi ya hayo, anayechelewa anaulizwa. Aliyezoea kwamba hakuna anayejali kama ameamka, sasa kuna wanawake tisa wanaosema “jana mbona hukuja?” Hicho ni kitu tofauti na kitulizo.

Ukiiga duara hilo huku, malighafi ndiyo ya kufikiria kwanza. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo usiandike mradi wa kufuma kwa plastiki halafu ukatafute plastiki. Pwani kuna ukindu: duara la ukili halihitaji sindano ya kununua, na kila bibi anajua kusuka. Bara, vipande vya vitenge hupatikana kwa mafundi cherehani kwa bei ndogo au bure. Vikatwe utepe wa sentimita mbili, vifumwe kwa sindano nene ya kroshia, ya milimita 8 na kuendelea, kwa sababu ndogo zaidi hukatika au kuumiza kiganja. Mfuko wa kwanza huwa umepinda. Usiupeleke sokoni, aliyeufuma aende nao nyumbani. Na mapato yagawanywe siku ileile mbele ya wote. Tumewaona watunza hazina wa vikundi vya kila aina wakivunja vikundi vyao, na kikundi cha watu walioumia hakistahimili wizi hata wa shilingi elfu mbili.

Kuhusu benchi lenyewe hakuna mengi. La mbao, urefu wa mita moja na nusu, wawili wakae pembeni kwa pembeni wakiwa wamegeukiana kidogo, kwani kutazamana uso kwa uso ni polisi na hakimu. Lisielekee foleni ya dawa. Lisiwe chini ya mti unaodondosha maembe. Jaribio la siri ni rahisi: mmoja akae aongee kwa sauti ya kawaida, mwingine asimame kwenye foleni, akisikia hata neno moja, sogeza. Masika panga baraza mbadala mapema.

Bibi asipangiwe mtu wa nyumba anayopakana nayo. Alipwe posho, hata ndogo, na ilipwe kwa tarehe. Kazi ya kujitolea isiyo na mwisho huishia kwa bibi naye kuhitaji benchi. Wanne au watano wakutane na msimamizi mara moja kwa wiki, wasimulie vikao vigumu bila kutaja majina. Asiwekwe bibi aliyechaguliwa na mwenyekiti wa mtaa peke yake, kwani atakuja na ndugu wa mwenyekiti. Waulizwe kina mama walioko kisimani, sokoni na kliniki: ukiwa na jambo zito, unamwendea nani? Jina likitajwa mara tatu, huyo.

Njia hii imevuka mipaka ya Zimbabwe hadi Malawi, Zanzibar na New York, kwa hiyo hakuna haja ya kuanza kutunga upya. Kwa kata yenye zahanati moja, tungeanza na benchi moja, mabibi wanne, siku mbili kwa wiki, miezi mitatu. Wanaomaliza vikao waingizwe kwenye duara wiki ileile, kabla hawajapata muda wa kurudi kuangalia bati. Sindano za kroshia zinunuliwe siku moja na mbao za benchi, na ziandikwe kwenye risiti moja, ili atakayekuja kupunguza bajeti aone kwamba ni kitu kimoja.